Kaburi la Mgeni

Sisi wa Goma tunazika katika jiwe. Aliyezaliwa penye udongo hawezi kujua maana yake. Huko Kasongo alikotoka marehemu mume wangu, mtu akifa asubuhi, vijana wawili na jembe wanamaliza kaburi kabla ya adhuhuri. Hapa mlima ulimwaga moto wake zamani, moto ukapoa ukawa jiwe jeusi, na sisi tukajenga juu yake na kupanda maharagwe katika nyufa zake. Kaburi moja linataka wanaume kumi wenye mitarimbo ya chuma, na siku mbili, pengine tatu. Na maiti wa Kiislamu hangoji siku tatu.

Ndiyo maana wazee waliweka desturi. Kila walipomaliza kumzika mtu, kabla hawajarudi nyumbani, wanaume walianza kuchimba kaburi lingine. Lilipokwisha walilifunika kwa mbao, juu ya mbao wakapanga mawe, likabaki likingoja. Tuliliita kaburi la mgeni. Ilikuwa mwiko kusema ni la nani, hata kwa mzaha, hata kama kulikuwa na mgonjwa anayekata roho katika nyumba ya jirani. Mtoto aliyetaja jina alipigwa mdomoni.

Aliyejua kuliko wote kulichimba hakuwa Mwislamu. Alikuwa Ntirenganya, mchonga mawe, mtu wa Kalengera, jirani yangu. Kati ya ua wake na wangu kulikuwa na ukuta wa mawe uliofika kiunoni, aliojenga yeye mwenyewe. Alikuwa analala kifudifudi juu ya mwamba, sikio chini, anagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Halafu anasema, "Hapa. Chini iko tupu." Mtarimbo ukipigwa hapo, jiwe lilikatika kama muhogo mkavu.

Hakuna aliyemwomba kazi hiyo. Miaka minane kabla ya mambo haya, mke wake Mukabalisa alizaa mtoto wa kike aliyeishi nusu siku, na hakuwahi kubatizwa. Katekista akawaambia kwamba mtoto kama huyo halali katika ardhi iliyobarikiwa. Ntirenganya akakaa mlangoni pake na mtoto katika kitambaa, hajui ampeleke wapi. Mume wangu akaegemea ukuta akamwambia, "Ndugu, kwetu kuko nafasi." Wakamzika pembeni mwa makaburi yetu, karibu na matete. Tangu siku hiyo ngoma ya msikiti ikilia ya msiba, Ntirenganya alishika mtarimbo wake akatangulia. Mume wangu alipokufa, yeye aliingia kaburini akalifagia kwa viganja vyake, ili kokoto zisimchome marehemu mgongoni. Mimi niliambiwa baadaye na wanaume. Yeye hakulisema.

Mwaka 1957, wakati wa kiangazi, Wazungu watatu walikuja makaburini na kamba, na vigingi vyenye vichwa vyekundu. Kigingi kimoja walikipigilia miguuni pa mume wangu. Siku ya pili karani Émile, aliyekuwa mkalimani wa ofisi ya Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, alisimama mbele ya msikiti na kutusomea karatasi. Nyumba za Wazungu zitajengwa upande ule, kwenye barabara ya Kibati. Makaburi yahamishwe. Kila mtu awatoe watu wake kwa muda wa miezi miwili na awapeleke kwenye uwanja mpya, juu zaidi. Watakaobaki, mashine itasawazisha.

Alipomaliza, Émile aliikunja karatasi polepole. Akasema kwa sauti ndogo, "Musinikasirikie mimi. Mimi ni mudomo tu."

Mwalimu Useni, aliyetusalisha, aliandika barua. Alieleza kwa adabu kwamba kwetu maiti akishalazwa hafukuliwi, kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja wa aliye hai. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu, mstari mmoja na muhuri.

Sasa niseme habari za mwanangu Musafiri. Nina yeye tu. Alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, anapeleka chumvi na vitambaa Rutshuru na kurudi na maharagwe. Kabla ya vigingi ilibidi nimwamshe siku ya Ijumaa, na kumwamsha tena. Baada ya vigingi alianza kuwa wa kwanza msikitini. Nilimshukuru Mungu, mjinga mimi. Jioni vijana walijaa uani kwangu, wakinywa chai aliyowapikia mke wake Faida, na Faida wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Tulimtazama kila akiinuka kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko.

"Barua, barua," Musafiri alimwambia mwalimu siku moja. "Muzungu anapangusia kiatu na barua yenu, mwalimu."

"Na wewe utaandika na nini?" mwalimu akauliza.

"Utaona."

Mmoja wa vijana akacheka. "Huyu? Anaogopa bibi yake Faida, ataweza Bulamatari?"

Wote walicheka, hata Musafiri. Lakini sikuipenda ile "utaona".

Kila Alhamisi nilikwenda kumsomea mume wangu. Alhamisi moja nilipita karibu na kaburi la mgeni, nikasimama. Ntirenganya alikuwa na namna yake ya kupanga mawe juu ya mbao: makubwa pembeni, madogo katikati, ili maji ya mvua yatiririke nje. Siku hiyo yalikuwa yamechanganywa. Nilitazama barabarani, hakukuwa na mtu. Nikainua mawe mawili, nikainua ubao mmoja.

Ndani mlikuwa na mkeka mrefu uliofungwa kwa kamba ya lori. Ulikuwa umefumuka upande mmoja. Niliona ncha za mikuki, mapanga mapya yenye mafuta, na midomo ya magobore matatu. Ulinukia makaa. Mwanangu alikuwa amebeba makaa wiki ile.

Nilirudisha ubao. Halafu nikapanga mawe upya, makubwa pembeni, madogo katikati, vizuri kabisa, mpaka hakuna ambaye angejua.

Musafiri nilimkuta chini ya lori, miguu yake tu inaonekana.

"Musafiri, nani atazikwa mule?"

Miguu ilitulia. Akatoka, uso na mafuta, akatazama kama Faida yuko karibu.

"Hakuna mutu, mama. Siku mashine itakuya, sisi makumi ine tutakuwa tumekaa pale. Itapita wapi?"

"Na mtu akifa kesho?"

"Nani anakufa? Batu bote bako muzuri."

"Musafiri!"

"Mwezi moja tu. Ile ndiyo fasi moja polisi hawezi kufungua. Ataogopa."

"Ntirenganya atafungua."

"Ntirenganya anafungua kama kuko maiti. Usiite maiti, mama."

Nilipaswa kwenda kwa mwalimu Useni saa ileile. Angemshika mwanangu sikio na kuviondoa vile vitu bila kelele. Nilifika hadi mlangoni pake. Nikasikia akiwafundisha watoto, sauti zao ndogo zikipanda na kushuka, nikasema moyoni, acha amalize. Nikarudi nyumbani. Faida alikuwa ameniwekea kiti kivulini na maji ya kunawa. Nikakaa.

Siku ya kumi na moja, baada ya sala ya alfajiri, alikufa Nyanya Zahabu, mjane mzee aliyekuja hapa na mumewe kutoka Kasongo. Hakuugua. Alikuwa anafagia mlango wake. Ngoma ilipolia, mimi nilijua mambo mawili kwa mara moja: kwamba Musafiri alikwenda Rutshuru jana yake na hatarudi kabla ya jioni, na kwamba mimi ndiye mwosha maiti wa wanawake, hakuna mwingine wa kuanza kabla yangu.

Tulipasha maji. Nilimwosha Nyanya Zahabu upande wa kulia, mkono, ubavu, mguu. Alikuwa mwepesi kama fungu la kuni. Ndipo nikasikia nje, ng'ambo ya ukuta wa matete, sauti niliyoijua: gurudumu la toroli na mtarimbo unaogonga ndani yake. Ntirenganya alikuwa anatangulia, kama siku zote, kwenda kulifungua kaburi na kulifagia kabla watu hawajaja.

Nilimpa mke wa mwalimu kopo la maji.

"Endelea wewe."

"Mama Musafiri! Umeanza wewe!"

"Endelea, nakuomba."

Kwa miaka ishirini sikuwahi kumwacha maiti nusu. Nilitoka na mikono inayonuka karafuu, nikakimbia kama mwanamke asiye na heshima, kikwembe cha kiunoni nimekishika mkononi.

Nilichelewa. Ntirenganya alikuwa amekaa ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, kofia yake juu ya jiwe. Magotini alikuwa na panga.

"Mama Musafiri," alisema bila kugeuka, "ulipanga mawe muzuri. Kubwa pembeni, ndogo katikati. Kidogo nifikiri ni mukono yangu."

Aliinua panga kidogo nilione.

"Ni vya mutoto?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Alitazama upande wa matete, alipolala binti yake, halafu vigingi vyekundu, halafu mimi, mikono yangu iliyolowa.

"Umeacha maiti?"

"Nimeacha."

"Rudi umalize. Ule mama asizikwe nusu. Batu banakuya nyuma yangu, bakikuta hii vitu bote batajua, na kesho Bulamatari atajua. Mimi nitavitoa."

"Utavipeleka wapi?"

"Mu kokoto zangu. Nani anapekua rundo ya kokoto?" Akaanza kuvuta mkeka. "Musafiri akirudi nitamupiga kofi moja. Ya baba yake. Kisha atachukua mwenyewe kutupa mu ziwa. Enda, mama."

Sikumwambia asante. Niliwaza kwamba nitamwambia jioni, nitampikia kuku, nitakaa na Mukabalisa tucheke juu ya jambo hili. Nilirudi nikamaliza kumwosha Nyanya Zahabu, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mke wa mwalimu aliniachia upande wote wa kushoto, ili nimalize nilichoanza.

Wanaume walimbeba. Nyuma ya jeneza kila mmoja alikuwa na mtarimbo begani, maana baada ya kuzika wangeanza kaburi lingine, karatasi ya Bulamatari au hapana. Hivyo ndivyo walivyofanya baba zao. Walitembea kimya, midomo ikitaja jina la Mungu tu. Na mmoja wa wale Wazungu wa kamba alikuwa pale akipima. Aliona watu weusi zaidi ya hamsini, wamenyamaza, wana vyuma begani, wanakuja moja kwa moja kwenye vigingi vyake. Aliacha kamba chini, akakimbilia gari. Hakuna aliyemfuata. Wengi hata hawakumwona.

Saa mbili baadaye polisi walikuja mtaani na mkubwa wao Mzungu, na karani Émile nyuma yao, jasho linamtoka. Habari iliyofika ofisini ni kwamba Waislamu wameshika silaha. Mwalimu Useni akaeleza juu ya jiwe na makaburi. Émile akatafsiri, nadhani alitafsiri vizuri, maana alionyesha kwa mikono jinsi mtu anavyopiga mwamba. Mkubwa hakutaka kusikia. Mitarimbo yote ikusanywe, nyumba kwa nyumba. Na mtaani kwetu mwenye mitarimbo mingi kuliko wote alikuwa mchonga mawe.

Mimi wakati huo nilikuwa ukutani na Mukabalisa. Alijua sijaonja kitu tangu alfajiri, akanipitishia kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wao waliyemweka Kibati kwa ndugu yake. "Kunywa, mama. Uso yako imekauka." Ndipo polisi walipoingia kwake.

Ntirenganya mwenyewe aliwatolea mitarimbo yake mitano, akaiegemeza ukutani. Yangekwisha hapo. Lakini askari mmoja aliona chuma kingine kilichochomoza juu ya rundo la kokoto, patasi tu ya kuchongea, akapanda kuichukua. Mguu ukateleza. Kokoto zikaporomoka na yeye, na mkeka ukatokea.

Sikumbuki kelele. Nakumbuka kokoto moja ikiendelea kuviringika hadi ukutani.

"Muzee Ntirenganya," Émile alisema, "hivi ni vya nani?"

Ntirenganya alipangusa vumbi la mawe kwenye viganja.

"Sema tu, muzee. Wewe ni mutu wa kanisa. Hakuna mutu ataamini ni vyako."

Mkubwa akasema maneno kwa Kifaransa. Émile akamgeukia mzee. "Anasema, kama si vyako, utaje jina moja. Moja tu, na utarudi kwa mawe yako."

Ntirenganya alitazama ng'ambo ya ukuta. Hakunitazama mimi kwanza. Alimtazama Faida, aliyekuwa ametoka nje kwa kelele, beseni mkononi, mkono mwingine kiunoni kama wajawazito wanavyofanya. Halafu akanitazama mimi.

Niliinamisha macho kwenye kibuyu. Nzi alikuwa ameangukia maziwa. Nilimtoa kwa kidole, taratibu, nikahakikisha ametoka na mabawa yake yote.

"Niliviokota," Ntirenganya alisema.

"Wapi?"

"Njiani."

Mkubwa akampiga kofi. Wakamfunga mikono kwa kamba yake mwenyewe ya kuvutia mawe. Mukabalisa alikimbia kwake, akamshika shati. Nilimwona Ntirenganya akimwinamia na kumwambia jambo sikioni, halafu wakamsukuma barabarani.

Musafiri alirudi jua linazama. Nilimweleza yote, nimesimama karibu na mlango wa lori. Aliposikia kwamba jina lake halikutajwa alisema, "Alhamdulillahi." Halafu akafunika uso kwa mikono. Nilingoja. Niliamini kwamba ataondoa mikono, atanawa, atavaa shati safi na kwenda kwa Bulamatari. Aliondoa mikono, akanawa, akala.

Asubuhi yake mtaa ulikuwa na habari yake. Mkristo alitaka kutuchongea. Aliweka silaha kwake ili aseme ni zetu, mtego ukamrudia. Waliosema kwa sauti kubwa zaidi ni wale waliojua vizuri mikuki ile ilikotoka, kwa sababu walikuwa wamegawana tayari nani atashika upi. Adhuhuri walikwenda na mawe kwenye ua wa Mukabalisa.

"Ututolee Judas yako!"

"Bakristo bote ni mutu moja!"

Walivunja vyungu vyake vya maziwa na mlango. Wale waliokuwa wameapa kulinda makaburi ya baba zao walifika mpaka hapo, kwenye vyungu vya mwanamke aliyekuwa peke yake. Mwalimu Useni alikuja mbio na fimbo, akawafukuza, akapigwa jiwe moja la bahati mbaya kwenye bega. Musafiri alikuwa kati yao. Yeye hakurusha. Hilo ndilo jema ninaloweza kusema juu ya mwanangu siku ile.

Walimweka Ntirenganya siku nane katika gereza la hapa. Kila mchana nilimpelekea chakula, na mlinzi, mtu wa Masisi, aliniruhusu nikae naye kidogo kwenye kivuli cha ukuta. Mlinzi huyo hakutakiwa kufanya hivyo. Jicho moja la Ntirenganya lilikuwa limefumba. Alikula polepole na kusifu chumvi.

"Musafiri alirudi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Alirudi."

"Na Faida?"

"Bado."

"Basi."

Siku zilizofuata aliniuliza hilo la pili tu. Nikimjibu bado, anasema basi, kana kwamba tumemaliza mazungumzo marefu.

Siku ya saba nilimwambia mwanangu, "Utakwenda, au nitakwenda mimi."

Alikuwa anamenya viazi pamoja na Faida, akamwacha akanifuata nyuma ya nyumba. "Mama, Faida amebakiza wiki mbili. Hii mimba ikianguka, haitapata ingine, mukunga alisema. Enda basi. Enda useme. Wewe ndiye utachagua."

Siku ya nane nilivaa kikwembe changu kizuri, nikaenda. Njiani nilirudia maneno: ni mwanangu, ni mwanangu aliyevileta. Nikafika langoni. Yule mlinzi wa Masisi akaniona, akatabasamu.

"Umeleta chakula, mama?"

Nikatazama mkononi. Nilikuwa nimeleta. Mkono ulikuwa umezoea, ulibeba wenyewe.

"Ndiyo," nikasema. Nikampa, nikarudi nyumbani.

Kesho yake walimpakia kwenye lori pamoja na wafungwa wengine. Miaka mitano, mahali mbali huko mto mkubwa unakoteremkia, ambapo hakuna kati yetu anayeweza kutaja jina lake vizuri. Mukabalisa alinieleza mara moja maana ya jina la mumewe kwa lugha yao: Mungu hadhulumu mtu. Ni kweli, Mungu hakuwa langoni siku ile. Nilikuwa mimi.

Na makaburi? Kwa sababu silaha zilionekana, miezi miwili ilifutwa. Askari walikuja kutoka kambi ya Rumangabo, tukapewa siku nne. Mitarimbo yetu iliyokuwa ofisini waliileta kwenye gari, wakatugawia mmoja mmoja asubuhi na kuichukua tena jioni. Wale vijana makumi manne, waliotaka kukaa mbele ya mashine, walipanga mstari kupokea vyuma, na kwa vyuma hivyo wakawafukua baba zao. Bunduki zilikuwa nyuma yao, lakini hazikuwa na kazi. Mwalimu Useni alisoma kwa sauti siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu sauti ilikauka, akawa anasogeza midomo tu. Mume wangu nilimfunga katika sanda mpya. Mtu aliyekuwa akiinama kupita mlango wetu, nilimbeba mikononi kama nguo za kufua.

Siku ya nne, alasiri, alikuja Mukabalisa na kikapu kidogo. Hakuna aliyemsogelea. Watu walijifanya wana kazi.

"Musafiri," nikasema, "mchimbie."

Alitazama chini, akachukua mtarimbo. Kule karibu na matete jiwe lilifunguka upesi, kwa sababu baba yake mtoto ndiye aliyelichagua. Mukabalisa aliokota vifupa mwenyewe. Vilikuwa vichache sana. Alivifunika kwa kitambaa cheupe, akakiweka kikapu kichwani, akatembea mbele yetu mpaka uwanja mpya.

Uwanja ule ni mwamba mmoja. Hatujapata mtu wa kulala chini na kusikiliza, na mpaka leo, miaka miwili baadaye, hatujaweza kumaliza kaburi la mgeni kule. Wanaume hufika kwenye goti na kuacha. Nyanya wa watu akifa sasa anangoja siku mbili, na sisi wanawake tunammwagia maji baridi. Siku ile Musafiri alipiga mahali pa kwanza, chuma kikaruka. Akapiga pa pili. Akapiga pa tatu mpaka viganja vikatoka damu na mtarimbo ukawa mwekundu pale alipoushika. Mukabalisa alikaa kwenye jiwe, kikapu magotini, akimtazama bila hasira. Afadhali ningeiona hasira.

"Inatosha, mwanangu," alisema mwishoni, shimo halijafika nusu ya mguu. "Iko mudogo."

Akamlaza mtoto. Mimi nikaanza kupanga mawe juu yake, makubwa pembeni, madogo katikati. Mukabalisa aliitazama mikono yangu.

"Na siku ile ulipanga hivi," akasema.

Jiwe liliniponyoka.

"Ulijua?"

"Aliniambia mu sikio, mbele polisi bamupeleke. Alisema, 'Usiulize Mama Musafiri kitu. Iko na mujukuu mu njia.'" Aliliokota lile jiwe lililoniponyoka, akaliweka mahali pake.

Musafiri alikuwa amesimama karibu, mtarimbo mkononi, na alisikia. Mtoto wake alikuwa na siku tano, wa kike, mzima, analia kwa nguvu, na maziwa ya Faida yalikuwa bado hayajashuka. Yale aliyokunywa tangu azaliwe yalipitishwa juu ya ukuta kila asubuhi, katika kibuyu pekee ambacho hakikuvunjwa.

Mukabalisa aliinuka akakung'uta nguo. Akachukua kibuyu hichohicho, alichokuwa amekileta na maji, akampa mwanangu kwanza, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi.

Musafiri akanywa. Alikuwa na kiu, akanywa mpaka nusu. Halafu akamrudishia kibuyu kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha.